Mota ya tredmili kama servo: ikiwashwa inatoroka, ikisimama inatetemeka

spana14 (Kisumu)

Habari wadau. Niko katikati ya kuunda meza ya kuchonga mbao na alumini nyembamba, eneo la kazi sentimita 60 kwa 90. Skrubu ni za gololi, kipenyo milimita 16, na kila mzunguko mmoja unasogeza milimita 5. Sitaki stepa (mota zinazosogea hatua kwa hatua bila kujua zimefika wapi). Nataka servo, yaani mota za kawaida za DC zenye enkoda (kihesabu mzunguko) inayoambia programu shafti iko wapi. Vifaa nilivyo navyo:

– mota 2 za tredmili, kibandiko 130 V, 2.5 HP, mizunguko 6700 kwa dakika
– mota 3 za waipa, zimetoka kwenye Probox
– bodi 4 za IBT-2 za kuendeshea mota (sasa zimebaki 2)
– enkoda 3 za mapigo 600, zile nyeusi zenye shafti ya milimita 6
– Arduino Uno 4: moja ina Grbl (programu inayogeuza amri za kuchonga kuwa hatua), tatu nimeziandikia programu ya PID (inayosahihisha kosa la mota kwa namba tatu: P, I na D)
– pawasaplai ya 24 V, ampea 15, ile ya sanduku la bati lenye matundu

Mhimili wa X nimeufunga mota ya tredmili pamoja na gurudumu lake zito, imeungana na skrubu kwa kipande cha mpira wa petroli. Enkoda iko mwisho wa skrubu. Mambo matatu yananisumbua. Kwanza, nikiwasha tu meza inakimbia hadi mwisho wa reli na kugonga. Nikigeuza waya za mota hilo linaisha, lakini nikifungua na kufunga tena linaweza kurudi. Pili, ikisimama inanguruma na kucheza huku na huku kama robo milimita. Tatu, IBT-2 mbili zimeungua, zote wakati meza inapunguza mwendo, si wakati wa kuanza.

Naomba kujua: 24 V inatosha mota ya 130 V? Waipa zinafaa mhimili wa Z (wa juu na chini)? Na je, nikiacha hiyo pawasaplai nitumie transfoma ya UPS yenye 24 V AC, bodi zitaacha kuungua?

---

leithi_kuukuu (Nakuru)

Nianze na mota, umeme nawaachia wengine.

Ile 130 V ya kibandiko ni kikomo, si sharti. Cha kutafuta ni volti ngapi mota inazalisha ikizungushwa mara 1000 kwa dakika. Bana shafti kwenye drili ya meza yenye kasi unayoijua, weka mita kwenye DC, soma. Kwa kibandiko chako nategemea kama 19, maana 130 gawa kwa 6.7 ni 19.4. Namba hiyo zidisha kwa 9.55, gawa kwa 1000, utapata nguvu ya kuzungusha kwa kila ampea: 0.185 Nm.

Kwa 24 V mota hii bila mzigo itafika mizunguko 1237 kwa dakika. Zidisha kwa milimita 5, ni milimita 6185 kwa dakika. Usiitegemee yote, kwa sababu servo isiyo na volti za akiba haiwezi kujisahihisha. Panga kasi ya juu iwe 3500 na utakuwa salama. Msukumo: kwa ampea 4 tu una 0.74 Nm, na skrubu ya gololi inayopitisha asilimia 90 ya nguvu itakupa niutoni 837, sawa na kusukuma kwa kilo 85. Kwa mbao hiyo ni kubwa kupita haja. Kwa hiyo ndiyo, 24 V inatosha, na usihangaike na puli za kupunguza mwendo.

Gurudumu zito litoe. Linafaa mkanda wa tredmili usikwame mtu anapokanyaga. Kwenye servo ni adui. Katika tredmili nyingi limefungwa kwa uzi wa kushoto, yaani unalifungua kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida ungekaza. Usipige nyundo kwenye shafti, utaharibu beringi au kupasua sumaku, ambazo ni za kauri. Feni ya kupooza mota mara nyingi iko kwenye hilo gurudumu, kwa hiyo ukishalitoa weka feni ndogo ya kompyuta ipulizie mwili wa mota.

Kabla ya kuifunga tena fanya ukaguzi huu:

Pima ohmu za mota katika nafasi kama nane za shafti. Zikiruka sana kutoka nafasi moja hadi nyingine, komuteta ni chafu au koili moja imekatika. Unganisha waya zake mbili pamoja kisha zungusha shafti kwa mkono: inapaswa kuwa nzito na laini. Ikiwa nzito sehemu moja na nyepesi nyingine, koili ina shoti. Halafu ipe 12 V, pima kasi, geuza waya, pima tena. Mota ya tredmili ilitengenezwa kwenda upande mmoja, na baadhi yake kaboni zimesogezwa kidogo kufuata upande huo. Servo inaenda pande zote, kwa hiyo tofauti ikiwa kubwa legeza kifuniko cha nyuma na ukizungushe kidogo kidogo hadi kasi zikaribiane.

Waipa. Sahau. Kuna sababu tatu, na ya tatu ndiyo inayounguza vitu. Gia yake ya minyoo inaacha shafti ya mwisho izunguke kama mara 45 hadi 65 kwa dakika. Kwa skrubu yako hiyo ni milimita 325 kwa dakika ukienda mbio kabisa. Gia hiyo ina mwanya, na mwanya ndani ya mzunguko wa servo haurekebishiki kwa programu. Na katika mota nyingi za waipa kaboni ya hasi imeshikana na mwili wa mota. Ukiifunga kwenye fremu ya chuma ambayo tayari imeunganishwa na hasi ya pawasaplai, siku utakapogeuza mwelekeo IBT-2 itakuwa inapeleka 24 V kwenye fremu. Pima kati ya mwili na waya zake; mita ikilia, hiyo si mota ya kuweka kwenye daraja la transista.

Kwa Z tafuta mota za mashine kubwa za kuchapa mabango au za fotokopi. Nyingi ni za 24 V na nyuma zina enkoda tayari: waya tano, za 5 V, hasi, A na B (mapigo yanayoonyesha mwendo na mwelekeo) na alama ya mzunguko. Mafundi wanaozivunja hutupa mota pamoja na plastiki.

---

kondakta (Bungoma)

Mulembe wakuu. Mimi nataka kuzungumzia hizo bodi zilizoungua, kwa sababu jibu liko kwenye sentensi ya spana14 mwenyewe: zinakufa wakati wa kupunguza mwendo.

Mota ya DC ikizunguka ni jenereta. Unapoishikilia ipungue, nishati iliyomo kwenye vitu vinavyozunguka inarudi kwa njia ya bodi hadi kwenye pawasaplai. Pawasaplai ya sanduku la bati haina pa kuipeleka. Inajua kutoa tu. Volti zinapanda. Chukua gurudumu la kilo 2, nusu kipenyo sentimita 6: likiwa kwenye mizunguko 1200 kwa dakika lina jouli 28 hivi. Hata ungekuwa na kapasita za mikrofaradi 33,000 kwenye laini, jouli hizo zikirudi zote zingeinua 24 V hadi karibu 48 V. Kipande cha BTS7960 kilichoko kwenye IBT-2 kimetengenezwa kufanya kazi hadi 27.5 V, na 45 V ndio ukingo wa kaburi. Kweli, sehemu fulani ya nishati inaishia kwenye koili kama joto, lakini pawasaplai yako ina kapasita ndogo kuliko hizo, kwa hiyo volti hupanda upesi zaidi.

Gurudumu likitoka, tatizo linapungua sana lakini haliishi. Weka mlango wa kumwagia: kilinganishi cha LM393 kinachowasha MOSFET (transista inayofanya kazi ya swichi) volti zikifika 26 na kuizima zikishuka hadi 25, na MOSFET hiyo inapitisha umeme kwenye rezista ya ohmu 4.7, wati 50, iliyofungwa kwenye bapa la alumini. Kwa 26 V hiyo ni ampea 5.5, wati 144 kwa sekunde chache tu, rezista inavumilia. Kati ya pawasaplai na laini ya mota weka dayodi nene ya ampea 20, ili volti zinazorudi zisiingie kwenye pawasaplai na kuizima. Kapasita zikae upande wa mota wa hiyo dayodi.

Transfoma ya UPS ya 24 V AC: USIFANYE HIVYO. Ukishanyoosha umeme wake kwa daraja la dayodi na kapasita unapata 24 × 1.414, toa 1.4 ya dayodi, ni 32.5 V, na bila mzigo zaidi. Hapo IBT-2 itajifungia yenyewe kabla mota haijazunguka. Ukitaka kutumia hiyo transfoma, punguza mizunguko ya waya mnene hadi utoe 16 au 17 V AC. Kujua ni mizunguko mingapi: funga waya mwembamba mara 10 juu ya koili, washa, pima AC; ukipata 5 V, basi kila mzunguko ni nusu volti, na unajua utoe mingapi. Usivuke 17 kwa sababu stima ya usiku, watu wakizima vitu vyao, inaweza kupanda juu ya 240. Kapasita: zidisha ampea kwa 80,000 gawa kwa volti. Ampea 10 kwa 24 V ni mikrofaradi 33,000. Tatu za 10,000 za 50 V zinatosha, na rezista ya kilo-ohmu 1, wati 2, ya kuzimaliza ukishazima. Kumbuka transfoma ya UPS ya ofisi ilikusudiwa kufanya kazi dakika chache. Ichukulie kama ina nusu ya wati zilizoandikwa, na iguse baada ya nusu saa.

Fyuzi ya ampea 10 kwa kila mota. Usitegemee kinga ya ndani ya BTS7960, hiyo inashtuka kwenye ampea 40 na zaidi, na ikishtuka mota yako itakuwa imeshapata joto la kudhoofisha sumaku.

Ah, na ile bodi ya kuendeshea iliyokuja na tredmili: iache. Imeunganishwa moja kwa moja na stima bila transfoma, kwa hiyo hata waya zake za mota zinaweza kukuua, na haiwezi kurudisha mota nyuma.

---

mwenye_shaka (Eldoret)

Samahani kuharibu sherehe. Meza ya 60 kwa 90 ya kuchonga mbao inamalizwa na stepa tatu za saizi ya NEMA 23 na draiva tatu. Unaweka volti 36 au 48, unaweka hatua 1600 kwa mzunguko, unachonga jioni hiyo hiyo. Hakuna kutafuta P wala I. Servo inaanza kuwa na maana unapotaka kwenda juu ya mizunguko 800 kwa dakika, ambako stepa zinaishiwa nguvu, au unapokata chuma na huwezi kuvumilia kupoteza hatua bila kujua.

---

leithi_kuukuu (Nakuru)

Mwenye_shaka ana hoja, na kama spana14 angekuwa hana kitu mkononi ningemwambia hivyo hivyo. Lakini mota anazo, enkoda anazo, na tofauti moja ni muhimu: stepa ikikwama kwenye kifundo cha mti inaendelea kuchonga mahali pasipo pake hadi mwisho wa kazi. Servo iliyopangwa vizuri inasimama na kukuambia.

---

hesabu_mbili (Kakamega)

Basi nichukue enkoda, kiungo na programu, maana kutoroka na kutetemeka viko hapo.

KIUNGO. Mpira wa petroli ni springi. Enkoda iko mwisho wa skrubu, mota iko upande wa pili wa springi. Programu inasukuma mota, mpira unajisokota, enkoda haijaona kitu, programu inasukuma zaidi, mpira unajifungua, skrubu inapitiliza, programu inarudisha. Hiyo ndiyo robo milimita unayoiona. Hakuna namba za PID zitakazoitibu vizuri. Hamisha enkoda iende kwenye shafti ya mota yenyewe, nyuma. Kama mota haina shafti ya nyuma, toboa katikati ya ncha yake ukitumia leithi, si drili ya mkono, kata uzi wa M4, kaza kijiti kilichokerezwa cha milimita 6. Kisicheze zaidi ya milimita 0.05. Kati ya kijiti na enkoda weka kiungo cha alumini kilichokatwa kama springi, kile cha 6 kwa 6. Beringi za enkoda ni ndogo na hazipendi kusukumwa upande. Kati ya mota na skrubu weka kiungo kigumu zaidi, cha taya chenye buibui wa plastiki ngumu, usichukue wa mpira laini. Enkoda ifunike, unga wa kaboni ukiingia kwenye diski ya kioo hesabu zinaruka.

NYAYA ZA ENKODA. Hizo nyeusi za 600 zina matokeo ya NPN yaliyo wazi. Maana yake zinaweza kuvuta laini chini lakini haziwezi kuipandisha, kwa hiyo unaweka rezista ya kilo-ohmu 1 hadi 2.2 kutoka A kwenda 5 V, na nyingine kutoka B. Ukiziacha bila rezista zinaelea, na mota ikianza kuzunguka karibu nazo utasoma uongo mtupu. Ukizigusanisha moja kwa moja na chanya unaua transista ya ndani. Tumia kebo ya mtandao: A ipotwe na waya wa hasi, B ipotwe na waya mwingine wa hasi. Shildi iunganishwe na fremu upande mmoja tu. Ipite sentimita 10 au zaidi kutoka waya za mota, na zikikutana zikatane kwa msalaba. Ikizidi mita 2 na bado unapata kelele, weka kipande cha kutuma ishara, AM26LS31, karibu na enkoda na cha kupokea, AM26LS32, upande wa bodi.

UNO HAIWEZI. Hapa pana sehemu ya siri ya "nikifunga tena inarudi". Mapigo 600 ukihesabu kingo zote ni 2400 kwa mzunguko. Mota ikienda 1200 kwa dakika hiyo ni hesabu 48,000 kwa sekunde, moja kila mikrosekunde 21. Uno ya megahezi 16 inatumia mikrosekunde kadhaa kwa kila katizo (kuacha kazi nyingine ili isome pigo), na wakati huo huo inapokea hatua kutoka kwa Grbl. Itakosa. Ikikosa kingo moja katikati ya mbili inaweza hata kusoma mwelekeo kinyume.

Nunua bodi ndogo za buluu za STM32F103, moja kwa kila mhimili. Zina taima zinazosoma A na B kwa vifaa, bila programu kuhusika. Panga hivi: enkoda kwenye PB6 na PB7 (taima 4), PWM (mapigo yanayopima nguvu inayopewa mota) kwenye PA8 na PA9 (taima 1), hatua na mwelekeo kutoka Grbl kwenye PB8 na PB9. Nimechagua PB kwa makusudi: miguu hiyo inavumilia 5 V, mingi ya PA haivumilii. Kaunta ni ya biti 16 na inajaa kwenye 65,536, kwa hiyo kila milisekunde moja toa thamani ya zamani kwenye mpya ukiichukulia kama namba ya biti 16 yenye alama, halafu ongeza kwenye jumla ya biti 32. Ukisoma moja kwa moja bila hivyo, meza itaruka kila baada ya milimita 136.

Mtego mwingine: mlango wa IBT-2 una kipande cha kupokea ishara, 74HC244. Ukiilisha kwa 5 V inataka 3.5 V ndipo iseme ni juu, na STM32 inatoa 3.3. Siku nyingine inafanya kazi, siku nyingine haifanyi, na utalaumu kila kitu isipokuwa hiyo. Lisha VCC ya IBT-2 kwa 3.3 V na shida imekwisha. Upande wa mota haubadiliki.

PWM iwe kilohezi 20. Kikomo cha BTS7960 ni 25. Ukiacha ile ya kawaida ya Arduino, 490, mota italia kama nyuki na kupata joto bure.

KUTOROKA. Servo inatoroka ikiwa mota inapoenda mbele enkoda inahesabu nyuma. Kosa linakua badala ya kupungua, na linasukuma zaidi. Usijaribu hili skrubu ikiwa imeunganishwa. Legeza kiungo, programu itoe PWM ya asilimia 15 upande wa chanya bila PID, angalia hesabu. Zikipungua, badilisha A na B AU waya za mota, kimoja tu. Halafu piga lebo kwenye kila waya na utumie plagi isiyoweza kugeuzwa. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono zitakurudishia tatizo hili hadi uchoke.

Ndani ya programu weka kinga mbili. Pengo kati ya amri na enkoda likizidi hesabu 240, ambazo kwa skrubu yako ni nusu milimita, zima PWM na uteremshe laini ya hitilafu isimamishe Grbl. Na PWM ikizidi asilimia 30 kwa milisekunde 100 bila hesabu yoyote kuja, zima: waya wa enkoda umekatika. Kitufe chekundu kikate umeme wa mota kwa kontakta, kisipitie kwenye programu.

---

spana14 (Kisumu)

Wakuu, asanteni sana. Gurudumu limetoka, kweli lilikuwa uzi wa kushoto. Vipimo vya mota ya kwanza: drili ya meza kwenye 1150 inatoa 22.1 V. Ohmu kati ya 1.0 na 1.2. Kwa 12 V inaenda 610 upande mmoja, 560 mwingine. Ya pili ni 608 na 601. Mwili hauna mawasiliano na waya zake.

STM32 zipo. Nianze na namba gani za PID? Na Grbl inaweza kutoa hatua za kutosha?

---

leithi_kuukuu (Nakuru)

22.1 gawa kwa 1.15 ni 19.2, inalingana na kibandiko. Ikikwama kabisa kwa 24 V itavuta ampea 22, kwa hiyo ile fyuzi ya 10 ni lazima. Ya pili iache ilivyo. Ya kwanza ina tofauti ya asilimia 8 hivi. Zungusha kifuniko cha nyuma milimita moja moja kuelekea upande unaoongeza kasi ndogo, pima kila mara, acha zikifika tofauti ya asilimia 2. Weka alama ya kalamu kabla ya kulegeza.

Na kwa hewa ya ziwa huko, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi kwenye skrubu kila mwisho wa wiki. Grisi nzito na unga wa mbao vinageuka kuwa udongo.

---

hesabu_mbili (Kakamega)

Omera, Grbl kwenye Uno inatoa hadi hatua 30,000 kwa sekunde. Enkoda 2400 kwa skrubu ya milimita 5 ni hatua 480 kwa milimita, kwa hiyo kikomo chako ni milimita 62.5 kwa sekunde, 3750 kwa dakika. Weka kasi ya juu 3500. Kwenye mipangilio ni $100=480, $110=3500, na uongezaji mwendo $120 anza na 150 tu.

STM32 haitakuwa na taabu na mapigo 30,000: kwa megahezi 72 ina mizunguko 2400 ya saa kati ya hatua na hatua.

Namba za kuanzia, ukipiga hesabu kila milisekunde 1 na PWM ikiwa na kipimo cha 3600 (72,000,000 gawa kwa 20,000):

Kwanza zima I na D. P = 5. Gusa skrubu kwa mkono, inapaswa kukusukuma kurudi. Panda hadi ianze kutetemeka, halafu shuka hadi nusu. Ukiishia P = 12, weka D kama mara 5 yake, 60, ukipima badiliko la kosa kwa kila milisekunde. D ikizidi mota inatoa sauti ya mchanga hata ikiwa imesimama, kwa sababu hesabu moja tu ya enkoda inageuka kuwa teke. Shusha.

Halafu weka kitu ambacho wengi wanakiruka: kusukuma mbele kufuata amri. Mota yako kwa PWM kamili inakwenda hesabu karibu 50 kwa milisekunde. 3600 gawa kwa 50 ni 72. Kwa kila hatua iliyoamriwa katika milisekunde hiyo ongeza 72 kwenye PWM moja kwa moja, bila kusubiri kosa litokee. Bila hiyo, ukienda 2000 kwa dakika (hesabu 16 kwa milisekunde) PWM ya 1150 itabidi itokane na kosa peke yake, na kwa P ya 12 hiyo ni kubaki nyuma hesabu 96, yaani 0.2 ya milimita. Duara lako litatoka kama yai.

I ni ya mwisho na ni ndogo: P gawa kwa 100. Wekea jumla yake kikomo cha asilimia 20 ya PWM, na uifute kila unapozima. Kosa likiwa hesabu 1 tu, I isijumlishe. Bila kuipuuza hiyo, msuguano wa reli utaifanya iwinde kati ya nafasi mbili usiku kucha.

Kupima: ipe Grbl amri G1 X50 F2000 kwenda na kurudi, tuma kosa kwenye kompyuta kila milisekunde. Kwa kasi ya mawasiliano ya 115200 una nafasi ya baiti 11 kila milisekunde, zinatosha namba yenye alama na mwisho wa mstari. Chora. Kosa la hesabu 10 wakati wa kuongeza mwendo na 2 au 3 katikati ni kazi nzuri. Likiwa na mlima mmoja mkubwa kila mzunguko wa skrubu, si PID, ni skrubu iliyopinda au beringi zisizo kwenye mstari.

---

spana14 (Kisumu)

Swali la mwisho ndugu zangu. Z itakuwa na routa ya kilo 4 na nusu, mota ya mashine ya mabango, skrubu ya gololi pia. Stima ikipotea ghafla, si itashuka na kukita kwenye kazi?

---

kondakta (Bungoma)

Itashuka. Skrubu ya gololi haijifungi, uzito wa routa pekee unatosha kuizungusha. Una njia mbili na ningefanya zote.

Ya kwanza ni kusawazisha uzito kwa springi ya gesi ya mlango wa nyuma wa gari dogo, au kamba na jiwe juu ya puli. Hiyo pia inafanya servo isivute ampea wakati wote ikiwa imesimama.

Ya pili ni rilei ya mota yenye miguso ya kubadilisha. Ikiwa na umeme inaunganisha mota na IBT-2. Umeme ukipotea inaachia, inaikata mota kutoka kwenye bodi na kuiunganisha na rezista ya ohmu 1, wati 10. Mota inageuka breki: Z bado inashuka, lakini polepole, na una muda wa kuweka kipande cha mbao chini yake. Koili ya rilei iendeshwe na laini ile ile ya hitilafu ya STM32, ili servo ikijizima kwa kosa ipate breki hiyo hiyo. Lakini programu ipeleke PWM kwenye sifuri milisekunde 20 kabla ya kuiachia, la sivyo miguso itapata cheche na kushikana. Ukiona mpango wa springi ni usumbufu, badilisha skrubu ya Z peke yake iwe ya TR16×4 (uzi wa trapeza, kipenyo milimita 16, milimita 4 kwa mzunguko) ya uzi mmoja. Hiyo kwa kawaida haishuki yenyewe, ila utapoteza zaidi ya nusu ya nguvu kwenye msuguano na nati itabidi iwe ya shaba yenye kubana mwanya.